Kaburi Lenye Kengele

Jumatatu, 7 Aprili

Tausi, huna haya. Nakuandikia humu kwa sababu kwa mdomo nimekwisha sema na hukusikia. Leo umewaleta wageni wanne na baiskeli zao mpaka kwenye baraza yangu, ukasimama na miguu yako yenye tope, ukawaambia nyumba hii ina kizuka na kwamba babu yako alipotea mtoni. Nilikuwa nyuma ya mlango nachagua mchele. Nimesikia kila neno. Nani kakwambia alipotea? Hupotea mbuzi. Babu yako Kombo alitoka humu ndani kwa akili yake timamu, amepanda baiskeli yake, akavuka mto kwenda kwa mwanamke wa Bweni, na kutoka huko akaenda Unguja, na huko ndiko aliko mpaka leo anakula urojo. Mwaka huu ni wa thelathini na moja. Mimi si mjane. Sikukaa eda hata siku moja. Nyumba isiyokaliwa eda haina marehemu, na isiyo na marehemu kizuka chake kitatoka wapi? Wasomee hilo wageni wako.

Daftari umenipa wewe. Ulisema, "Bibi, niandikie mambo ya kale ya Pangani nipate ya kuwasimulia watu njiani." Shule yangu mimi ni ngumbaru, miezi saba jioni jioni na mtoto mgongoni, lakini mwandiko wangu unasomeka kuliko wako wewe uliyemaliza Fomu Foo. Mambo ya kale nitaandika. Kwanza niandike ya sasa, ndiyo yanayonikera.

Mvua imeanza alasiri. Bati linavuja pale pale pa siku zote, juu ya kizingiti cha ukumbi. Nimeweka ndoo.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Nimekula bada la muhogo na dagaa.

Alhamisi, 10 Aprili

Haya, ya kale. Wewe ukiwazungusha watu unaanzia bomani, unasema ndani ya kuta zile walizikwa watu wazima wazima. Mimi niliambiwa na mama, na yeye aliambiwa na mamake, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwepo. Lakini sijapata kuegemea ukuta ule. Hata jua likiwa kali vipi siegemei. Kisha unawapeleka kwenye magodauni ya ukingo wa mto, yale yaliyoota miti ya mivumo ukutani, unawaambia hapa palikaa pembe, hapa palikaa watu wamefungwa. Hapo unasema kweli ila unasema haraka mno, kama muuza karanga. Mahali kama pale mtu anyamaze kidogo.

Nilipofika hapo nikasikia kengele ya baiskeli kichochoroni.

Kengele za baiskeli mji huu nyingi kuliko kunguru, sizishughulikii. Hii ililia mara mbili. Ya kwanza safi. Ya pili ikafa, kama mtu anayekohoa kwenye kanga. Nimeijua. Kombo alikuwa na kengele ya hivyo, ina ufa. Na alikuwa na tabia: kila anapoiweka baiskeli huifungua kengele akaitia mfukoni, anaogopa kuibiwa. Mifuko ya suruali zake zote niliitia viraka mimi.

Nikatoka. Hapana mtu. Mvua tu na kuku wa jirani.

Jumatatu, 14 Aprili

Imelia tena, baada ya adhuhuri. Nimetoka mbio, kanga moja, kichwa wazi, mtu mzima wa miaka sabini na mbili. Kichochoro kitupu. Tausi alikuwa uani anaosha baiskeli zake za biashara. Nikamuuliza, "Umesikia?" Akasema, "Nini, Bibi?" Nikamwambia hakuna.

Nimekwenda kwa Badru. Tausi unamjua: fundi wa baiskeli mwenye kibanda karibu na soko, aliyekua pamoja na Kombo. Nimemkuta kashika gurudumu anaangalia kama limepinda.

"Shikamoo, Bi Mwanatumu."

"Marahaba. Mji huu nani ana kengele yenye ufa?"

"Ufa wa namna gani?"

"Badru, usinichezee. Ukiipiga inalia mara moja, ya pili inakohoa."

Akaliweka gurudumu chini. "Hiyo niliijua moja tu. Nilitaka kumbadilishia, hakukubali. Alinambia, 'Iache, ufa huu una mwenyewe nyumbani.'"

Nikamuuliza kama kuna mtu kamletea kengele hiyo siku hizi. Akasema hapana. Akaniangalia, akasema, "Dada, siku hizi watu wanapata kuzungumza na wewe? Maana ningekuwa mimi, ningevuka nikamuulize Chiku."

Nimemtukana mbele ya wateja wake. Chiku ndiye huyo mwanamke wa Bweni, ng'ambo ya mto, anauza vitumbua gatini pantoni inapofika. Kombo alikuwa akienda kwake kila Ijumaa. Akaniapia kuwa ni dada yake wa kunyonya, kwamba mamake Chiku alikufa kwa uzazi na mama mkwe wangu ndiye aliyemnyonyesha pamoja na yeye. Mimi nikacheka. Kila mwanamume akikamatwa ana dada wa kunyonya.

Jumanne, 15 Aprili

Mto umebadilika rangi, mwekundu kama chai ya maziwa iliyopoa. Unashuka na magogo. Wageni wa Tausi hawakuja. Vizuri.

Jumamosi, 19 Aprili

Nitaandika polepole.

Jana alikuja mgeni mmoja, Mathew, mwalimu wa Moshi, kaendesha baiskeli kutoka Tanga mjini mpaka hapa katika mvua yote ile. Nikasema huyu ama ana nadhiri ama hana mke. Lakini ana adabu, alisimama wima akasema shikamoo yote, hakuitupa. Leo Tausi kampeleka ng'ambo, wamevuka na pantoni, wamezunguka mashamba ya minazi na ya katani, wamerudi saa kumi wameloa kama samaki. Nikawapa bada na samaki changu wa kuchemsha. Mwalimu anakula vizuri. Anafinyanga tonge kama mtu wa hapa.

Nikamuuliza, "Umeona nini huko cha kukuletea homa?"

Akasema, "Bibi, mengi. Ila kilichonikaa moyoni ni lile kaburi la Mkunazini."

Mimi Mkunazini nakusikia tu, ni vijumba vichache upande wa pwani, ukishapita Bweni. Nikamwambia makaburi yako kila mahali, hata Moshi.

"Hili ni la mgeni," akasema. "Mtu aliokotwa ufukweni zamani, hajulikani. Wakamwosha, wakamsalia, wakamzika kando ya njia. Kichwani wamemwekea mti, na kwenye mti kengele ya baiskeli, maana hakuwa na kitu kingine mwilini. Basi kila anayepita na baiskeli lazima apige kengele yake kumsalimu. Asipopiga, cheni inatoka."

Tausi akacheka. "Mwalimu hakupiga, Bibi. Cheni ilitoka hatua kumi mbele. Akarudi na mikono myeusi kumwomba radhi."

"Nilirudi," akasema Mathew, "nikaipiga ile ile ya kwake."

Na hapo hapo, wakati tonge liko mkononi mwangu, kengele ikalia ndani ya nyumba. Mlio mmoja safi, wa pili umekufa.

Sahani ilianguka. Tausi akatoa simu kwenye mfuko wa koti, akasema, "Haloo," kuna mtu anataka baiskeli za Jumatatu.

Alipomaliza nikamwambia, "Ipige tena."

"Ipi, Bibi?"

"Hiyo iliyomo humo."

Akaipiga. Nikamwambia tena. Akaipiga mara tano. Kumbe aliirekodi pale kaburini kwa simu, mwezi uliopita, akaifanya mlio wa wateja wake. Ndiyo niliyokuwa nikiisikia siku zote hizi. Ati inapendeza.

Nikamuuliza nani alimwonyesha njia ya kupitia kaburi lile. Akasema, "Bi Chiku wa vitumbua. Tangu nilipoanza kazi hii ananiambia, 'Mwanangu, wapitishe Mkunazini, usiache hata siku moja.' Nikimuuliza kwa nini, ananifungia vitumbua."

Mwalimu aliokota vipande vya sahani. Sikumzuia.

Jumapili, 20 Aprili

Sikula.

Jumanne, 22 Aprili

Tausi, hili hulijui na mamako Samiha halijui, alikuwa kwa shangazi yake Chumbageni, Tanga, anasoma.

Ufa ule niliutia mimi. Siku hiyo Kombo alikuja na samaki mdogo, mkubwa kampelekea Chiku. Nikaichukua kengele mezani nikampiga nayo, ikampita, ikapiga nguzo ya mlango. Alama iko mpaka leo, chini ya komeo, wewe huwaonyesha wageni ukasema ni risasi ya Mjerumani.

Miaka miwili baada ya hapo, masika kama haya, bati letu lilikuwa likivuja juu ya kizingiti. Nimemwambia wiki nzima apande alizibe. Asubuhi, tumetoka kusali alfajiri, namwona anafunga makuti nyuma ya baiskeli. Nikamuuliza ya wapi. Akasema, "Paa la Chiku limeanguka, ana watoto, nikitoka huko nakuja kwenye lako." Nikasema maneno mengi. La mwisho nililosema ni hili: "Ukiuvuka mto leo, usirudi. Hata maiti yako siitaki."

Yeye hakuwa mtu wa maneno. Alisema tu, "Mwanatumu, iko siku ulimi wako utanitafuta." Akatoka.

Pantoni haikuwa inavuka, mto umejaa. Jioni yake wakauona mtumbwi wa kuazima umepinduka kwenye mikoko. Baiskeli haikuonekana, wala mtu. Majirani wakaja na mikeka ya kilio. Nikaikunja mikeka yao mmoja mmoja nikawarushia nje. Nikasema hii ni hila, kaupindua mwenyewe tumdhanie kafa, yuko Unguja. Nikalisema mwezi mzima, mwaka mzima, kwa sauti, mpaka mji mzima ukanyamaza. Si kwamba waliniamini. Walinichoka.

Kwa sababu kama kafa, basi kafa na neno langu.

Ndoo imejaa. Nimemwaga, nimeirudisha.

Alhamisi, 24 Aprili

Tausi kaenda Mabawa, Tanga mjini, tangu jana kununua tairi, kalala kwa rafiki yake. Simu yake anayo, nimempigia kwa ya jirani, kapokea akiwa huko.

Leo saa saba mchana kengele imelia kichochoroni. Mara mbili. Mlio ule ule.

Sikufungua mlango. Nilisimama nyuma yake mpaka alasiri.

Jumapili, 27 Aprili

Nimemwita shehe wa mtaa. Nikamkalisha, nikampa kahawa, nikamweleza yote, na neno lile la mwisho nikalieleza. Alitazama mkeka. Nikamwambia, "Nataka kukaa eda. Miezi minne na siku kumi, kamili, nguo nyeupe nimekwisha fua."

Akasema, "Bi Mwanatumu, kama ni yeye, eda huhesabiwa tangu siku aliyokufa. Haihesabiwi tangu siku uliyokubali. Yako ilianza masika yale, ikaisha mwaka ule ule."

"Mwaka ule nilikuwa namtukana kila siku."

"Ilikuwa ikihesabika huku unamtukana."

Nikamwuliza nimebakiwa na nini basi. Akasema dua, na kuzuru, na kuomba radhi. Akasema nisijitese. Mtoto mdogo wa juzi, nimemlisha uji yule.

Kengele haikulia leo. Nimeingoja.

Jumatano, 30 Aprili

Nimekwenda. Nimepanda baiskeli.

Tausi alitaka bodaboda. Nikamwambia Kombo hakwenda na bodaboda. Akafunga mto wa kochi kwenye keria, nikakaa upande kama bibi arusi, nimeshika kiuno chake, kiuno chenyewe hakipo. Tulipopita sokoni watu wakapiga kelele. Mmoja akasema, "Bi Mwanatumu, umekuwa mtalii?" Nikamwambia, "Nami nimekuja kukuangalia wewe, maana umekuwa gofu la kale." Badru alipotuona akafunga kibanda, akachukua baiskeli yake, akafuata nyuma. Sikumwita wala sikumkataza.

Sasa nimeuona mji huu kama wanavyouona wageni wako, kwa juu juu, unapita. Boma. Magodauni. Milango iliyochongwa, nusu haina nyumba nyuma yake. Kila nyumba niliijua kwa majina ya watu wake na nikawa nayataja kimoyomoyo, na wote ni marehemu. Mji wa watu wangapi huu, na nimebaki kuusema mimi. Tausi kwa mazoea akaanza, "Kushoto kwenu mnaona..." Akajikumbuka, akaendelea kukanyaga.

Kwenye pantoni nilitazama maji. Yana nguvu bado. Nikasema kimoyomoyo, leo mimi ndiye ninayeuvuka.

Chiku alikuwa gatini na sinia lake. Amekuwa mfupi. Jicho moja lina ukungu. Aliponiona akalifunika kwa ungo, akasimama, akasema, "Karibu, wifi."

Neno hilo. Mwaka ule alilisema mlangoni kwangu. Alikuja mara tatu. Mara ya kwanza nilimfungia. Mara ya pili nikafungua ili nimtukane vizuri. Mara ya tatu akasema, "Wifi, nisikilize, ni habari ya—" na kwangu mimi wifi ni dada wa mume, si kimada wa mume, nikaona ananikejeli. Nikachukua ndoo iliyokuwa chini ya tundu la bati, imejaa, nikammwagia yote.

Nikamwambia, "Chiku, uliyokuja kuyasema siku ile, yaseme."

Akasema, "Nilikuwa nimeyaapia nisiyaseme tena mlangoni kwako."

"Hapa si mlangoni kwangu. Hapa ni gatini."

Akakaa. Akasema wanaume wa Mkunazini walimkuta mchangani siku ya tano. Uso haukuwepo. Suruali ilikuwa na viraka mifukoni, na kengele ndani. Wakamzika kabla ya magharibi, maana hangeweza kungoja. Kisha wakatuma mtu mjini kuuliza nani kapotelewa na mtu mwenye kengele, na njia ya mjini inapita kwake. Mtu yule akaitoa kengele akaipiga mbele yake.

"Niliijua," akasema Chiku. "Nikamwambia rudi nayo, mwekeeni kichwani, mkewe nitamwendea mimi. Habari ya msiba haipelekwi na mpita njia. Lazima apelekewe mke na mtu wa nyumba. Na mtu wa nyumba nilibaki mimi."

"Kwa nini hukumwambia Badru? Hukumwambia hata shehe?"

"Nilimwambia Badru. Alisema, 'Mwenye msiba ni mkewe, na mkewe kasema yuko hai. Nani atamzika mtu juu ya kauli ya mkewe?'"

Badru alikuwa nyuma yetu anabonyeza tairi ambalo halina tatizo.

Nikamwuliza Chiku, na hili ndilo nililolivukia mto, Mungu anisamehe. Nikamwuliza, "Ulimlilia siku ngapi?"

Hakukasirika. Akasema, "Siku tatu. Ndugu hukaa siku tatu, sikuruhusiwa ya nne. Ile miezi minne na siku kumi ilikuwa yako. Sikuigusa. Nilikuachia."

Mke wa siri asingesema vile. Mke wa siri angalikaa eda yake uchochoroni huko, na Bweni nzima ingejua. Nikakaa chini kwenye udongo pale gatini na nguo yangu nyeupe.

Tulikwenda wote. Badru kampakia Chiku, Tausi kanipakia mimi. Minazi, kisha katani, kisha mchanga mwekundu unaokamata tairi, tukashuka tukasukuma. Kabla hatujafika nilisikia nyuma yetu baiskeli mbili zinakuja, wanaume wametoka shamba. Wakatupita. Mbele kidogo kila mmoja akapiga kengele yake, kring, wala hawakugeuza shingo, kama mtu anavyosema salaam aleikum huku anakwenda zake. Nikajua pale ndipo.

Limezungushiwa mawe ya pwani, limefagiliwa. Mti wa kichwani si ule wa zamani, Chiku anasema wameubadilisha mara nne, ukioza wanauweka mwingine, kengele wanaihamisha. Imeingia kutu pembeni. Katikati pale panaposhikwa na watu panang'aa.

Miaka thelathini na moja watu wasiomjua wanamsalimu njiani, kila siku, kwa zamu. Na mimi niliyekula naye nilikuwa namtuma Unguja.

Niliigusa. Ikalia mlio mmoja. Wa pili ukafa mkononi mwangu.

Niliyomwambia hayaandikwi humu.

Alhamisi, 1 Mei

Imenyesha kutwa. Mgongo unauma kwa baiskeli. Kengele haikulia.

Jumanne, 6 Mei

Haikulia. Nimeacha mlango wazi kwa ajili ya hewa tu.

Alhamisi, 22 Mei

Khitma. Mikeka nimetandika mwenyewe, kutoka ukumbini mpaka barazani. Wale majirani niliowarushia mikeka yao, walio hai ni wawili. Wamekuja. Mmoja kaleta mkeka ule ule, umechakaa, kasema, "Bi Mwanatumu, huu ulishapata kuja hapa." Nikamwambia aketi juu yake asinitafutie maneno. Samiha kaja na gari la Tanga, kalia sana, kanigombeza, nami nimekaa kimya nagombezwa. Badru alipanda juu ya paa tangu asubuhi kabla ya watu. Kaondoa bati lililooza juu ya kizingiti katia jipya. Sikumtuma.

Chiku hakuja. Nilimpelekea ujumbe kwa mtu wa pantoni, naye akarudisha jibu: hawezi kuingia mlango ule kwa neno la mtu wa pantoni. Ana haki.

Jumamosi, 24 Mei

Mvua imekatika. Mto umeanza kusafika.

Sasa Tausi, nakupa kazi. Kesho una wageni sita. Baiskeli ile nyekundu breki ya nyuma haishiki, mpelekee Badru asubuhi kabla hujamvunja mtu shingo. Bomani na magodaunini usiseme haraka. Alama ya mlango wangu si risasi ya Mjerumani, acha uongo, waambie ni kengele na waambie nani aliirusha.

Mkunazini washushe wote, wasipite wamekaa juu ya baiskeli kama mawaziri. Wapigishe kengele. Ukimtaja usiseme mgeni. Useme: huyu ni Kombo bin Mwinyi wa Pangani, alikuwa anapeleka makuti ya paa la dada yake, na mke wake alimwambia asirudi. Useme hivyo hivyo, usipunguze. Mti wake una mchwa, chukua mti wa mkoko nilioununua, uko nyuma ya choo, uwape wanaume wa pale waubadilishe.

Ukirudi, simama gatini. Vitumbua vya wifi yangu usinunue kesho, mwambie afunge sinia mapema. Mfungie mto kwenye keria, mpakie, umlete. Apite mlango wa mbele. Mwambie ndoo nimeitoa.